Sura ya Sita: Gari Lisilopoa

Mpelelezi Taratibu aliligusa gari kabla hajamsalimia mwenyewe. Ulikuwa utovu wa adabu, na alijua, lakini adabu ilikuwa imemponza. Mwaka uliopita alinunua gari la dizeli kwa bwana mmoja mcheshi kupita kiasi, mmoja wa wale wanaomwita kila mtu "ndugu yangu", akalikuta linanguruma vizuri ajabu. Kumbe yule bwana alikuwa ameliwasha alfajiri likapata moto wa kutosha. Injini ya dizeli iliyochoka ndivyo ilivyo, ikishachemka huficha maradhi yake yote, na ukitaka kuijua lazima uikute imelala, baridi. Kesho yake gari liligoma kuwaka, na halikuwaka tena. Mkewe hajamaliza kuwasimulia wageni kisa hicho mpaka leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile Taratibu hushika boneti kwanza, salamu baadaye.

Basi aliingiza mkono chini ya turubai lililolifunika gari, akalaza kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa. Boneti ilikuwa na joto.

Aliuacha mkono pale pale, akasikiliza. Banda lilikuwa la matofali, bila dirisha, na sakafu ya saruji ilipeleka baridi mpaka kwenye magoti. Turubai lilikuwa na vumbi. Mlango mkubwa unaotazama uchochoro wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa ndani, wenye tundu la kupitisha mkono kutoka nje. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimepoa isipokuwa hicho kimoja kilicho chini ya kiganja chake, na ndani ya chuma kitu kilitoa sauti ndogo, tik, kikanyamaza. Ni chuma kinachopoa, alijiambia. Hata hivyo nywele za shingoni zilimsimama, akaona haya kidogo.

"Karibuni, karibuni," alisema Seremala, ambaye alikuwa shemeji mkubwa wa Mama Pacha, mwenye nyumba, kaka wa mume wake. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. "Hilo ni gari la familia kweli kweli. Viti saba. Mdogo wangu alikuwa hachezi na gari."

Neno "alikuwa" lilimpita Mama Pacha usoni kama kofi. Mama Pacha alisimama kwenye mlango mdogo wa kutokea jikoni, mikono ndani ya khanga.

Yeye ndiye aliyekuwa amekwenda ofisini kwa Taratibu wiki hiyo. Mumewe alikuwa msimamizi wa kiwanda katika mji wa mbali. Kila Jumatatu aliondoka na gari, kila Ijumaa alirudi. Wakati wa mvua za mwaka jana, Ijumaa moja hakurudi. Gari lilikutwa kando ya daraja la mto unaoukata mji wao huo huo, mlango wa dereva uko wazi, funguo mahali pake. Polisi waliupekua mto, hawakupata hata kiatu, wakaandika kwamba amezama. Sasa ukoo ulikuwa umepanga kukutana Jumamosi, wamwombolezee, wamalize, na gari liuzwe. Seremala ndiye aliyelisimamia jambo hilo kwa nguvu zote.

"Nataka kujua mimi ni mke au ni mjane," Mama Pacha alimwambia Taratibu siku ile. "Hivi nilivyo sijui hata nivae nguo gani."

Halafu akamweleza jambo la pili, akiwa anatazama chini. Asubuhi, akiwa anawaogesha watoto, hulisikia gari linawaka bandani. Si kila siku. Huwaka taratibu, linanguruma kama mumewe alivyokuwa akiliacha lingurume kabla hajalitoa. Akishuka mbio kuchungulia hukuta kimya, kufuli limefungwa, turubai juu. Funguo ziko kwenye msumari karibu na kitanda chake. Shemeji alimwambia ni majonzi, kichwa kinamchezea, na alikuwa ameanza kumwamini.

Kwa hiyo Taratibu hakuja kama mpelelezi, alikuja kama mnunuzi, na Mama Pacha peke yake ndiye aliyejua. Mkewe Taratibu alikuja naye, naye hakuigiza lolote. Alikuwa na watoto wanne na mama mzazi mwenye magoti mabovu, na gari la viti saba alilihitaji kweli, upelelezi au si upelelezi.

Seremala alivuta turubai. Kwa mnunuzi wa kawaida lingekuwa gari zuri, la rangi ya majivu, refu, pana, halina mbonyeo. Alianza kulisifia papo hapo. Gari hilo, alisema, halijui foleni za mjini. Limezoea barabara kuu, safari ndefu, mwendo mmoja, na dizeli hupenda hivyo. Na halijawashwa tangu yeye mwenyewe alipolitoa kituo cha polisi na kuliingiza humo bandani.

"Wewe mwenyewe uliliendesha?" Taratibu aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Na tangu nishuke, hakuna aliyekalia kile kiti."

Taratibu alitikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Alichuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akajifanya anatazama kashata za tairi, yale meno yake. Diski za breki zilikuwa ziking'aa. Gari likikaa kwenye unyevu wiki mbili tu, diski huota kutu nyekundu, na kutu hiyo haiondoki mpaka gari litembee na breki zikanyagwe. Alisimama, akatazama kioo cha mbele. Gari zima lilikuwa na vumbi jepesi, lakini mbele ya dereva, kile kipande cha kioo ambacho mtu hutazamia barabara, kilikuwa kimefutwa kikawa safi. Hakuna aliyefuta upande wa abiria.

Alimtazama Seremala, akapata dhana yake ya kwanza. Mwizi mdogo wa nyumbani, alifikiri. Bwana huyu hubebea mbao zake kwenye gari la marehemu, halafu anamwambia mjane kwamba anasikia majini. Dhana hiyo ilimpendeza, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ilimfanya amchukie mtu ambaye tayari alikuwa hampendi.

Wakati huo mkewe alikuwa anafungua na kufunga milango yote, anavuta mikanda mmoja mmoja, anakunja viti vya nyuma na kuvikunjua. Alimuuliza Mama Pacha kama kiti cha katikati huwachafua watoto roho kwa safari, naye alijibiwa kwa upole. Kisha akaingia kwenye kiti cha dereva, akanyoosha miguu.

"Ebo," alisema. "Mbona sifikii klachi? Mwenye gari alikuwa mlingoti?"

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alitoka mlangoni, akaja mpaka ubavuni mwa gari, akakitazama kiti kilivyosukumwa nyuma kabisa na mgongo wake ulivyolazwa kidogo. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimeinuliwa juu.

"Alikuwa akiinama kila mlango wa nyumba hii," alisema polepole. "Kiti chake kilikuwa hivi hivi."

Mkewe Taratibu alishuka haraka, kama mtu aliyekalia mahali pa wenyewe. Dhana nyepesi ya Taratibu ilianza kuvuja. Seremala alimfikia begani mkewe Taratibu, na mwanamke huyo hakuwa mrefu.

Aliomba funguo awashe. Gari lililolala tangu mvua za mwaka jana lilipaswa kuwa na betri iliyokufa fofofo. Hili liliitika mara moja bila kusita, na redio ikaanza kuongea katikati ya sentensi, sauti ya chini ya mtangazaji wa asubuhi, kana kwamba kuna mtu alikuwa anamsikiliza akamkatiza. Mama Pacha alishika ukuta. Taratibu alizima redio, akaacha injini ingurume. Kwenye dashibodi taa moja ya njano ilibaki inawaka.

Alizunguka nyuma. Moshi ulikuwa mweusi mzito, na bomba lake, alipolifuta kwa kitambaa cheupe, lilikipaka masizi mazito, meusi tititi, yenye unyevu. Alikisogeza kitambaa kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kwa muda. Mkewe alimfahamu, akikitazama kitu hivyo ujue kuna mtu atalia.

Mambo ya dizeli ni ya ajabu kidogo. Gari la kisasa la dizeli lina kichujio kinachokamata masizi, na masizi hayo huungua yenyewe likitembea mbali, kwa mwendo, kwa muda. Gari la barabara kuu bomba lake huwa kavu. Ukilitumia kwa safari za hapa na pale, kutoka mtaa huu kwenda ule, kichujio hujaa, taa ya njano huwaka, gari hukosa pumzi. Ndiyo maana mtu anayekwenda sokoni na kurudi hashauriwi kununua dizeli, hata likipendeza vipi.

Taratibu alimsogelea Mama Pacha, akamuuliza kwa sauti ya mnunuzi anayetafuta kupunguziwa bei, hii taa ilianza lini? Alijibu kwamba ni ya zamani. Mumewe alikuwa akiilalamikia muda mrefu kabla hajapotea; alisema gari limekuwa zito, halivuti. Mama Pacha aliona ajabu, kwa sababu mwanzoni, mumewe alipoanza kazi ile ya mbali, halikuwa na taa yoyote.

Taratibu alizima injini. Ukimya ulirudi bandani, na ile sauti ndogo ya chuma ikaanza tena, tik, tik.

"Hili gari halikuwa likienda mbali," alisema.

"Lilikuwa linakwenda kiwandani kila wiki," Mama Pacha alisema.

"Hapo mwanzo, ndiyo. Baadaye, hapana, mama. Kabla hata ya siku ya daraja, kwa muda mrefu, lilikuwa likitembea humu humu mjini. Masizi hayana sababu ya kunidanganya. Na linatembea mpaka sasa. Limetembea leo. Nilipofika lilikuwa la moto."

Seremala alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kukiweka. Alianza kusema habari za jua na bati, akakumbuka kwamba jua halijafika upande ule, akaacha. Kisha ghafla akainua mikono kama mtu aliyeshindwa kwenye mchezo.

"Haya, ni mimi. Nina ufunguo wa akiba. Huwa nalizungusha kidogo betri isife. Sikusema kwa sababu shemeji angeumia."

"Asubuhi hii pia?"

"Asubuhi hii pia."

Mama Pacha alimtazama kwa macho ambayo Taratibu asingependa kutazamwa nayo. "Na nilipokwambia nalisikia, shemeji? Uliniambia nikapimwe kichwa."

"Nilikosea. Nisamehe."

Alikuwa amekiri upesi mno. Katika kazi yake Taratibu alikuwa ameshaona watu wengi wakikana kosa, na kukana kulimsumbua kidogo tu; aliyemsumbua ni mtu anayelipokea kosa kwa mikono miwili kama zawadi. Mtu wa namna hiyo huwa amesimama mbele ya kosa kubwa zaidi ili lisionekane. Alimfungulia mlango wa dereva kwa heshima zote.

"Basi ingia, mzee. Nionyeshe unavyolizungusha. Usiguse kiti."

Seremala aliingia, maana kukataa kungekuwa vibaya zaidi. Alizama. Macho yake yalilingana na usukani, na miguu yake mifupi ilining'inia, kiatu kikitafuta klachi bila kuifikia. Katika hali nyingine lingekuwa jambo la kuchekesha, na mkewe Taratibu, ambaye hucheka hata msibani, aligeuza uso. Mtu mzima alikaa kwenye kiti cha ndugu yake kama mtoto aliyepandishwa na wakubwa, jasho likimtoka kwenye banda la baridi.

"Ulipolileta kutoka polisi, kiti ulikisogeza mbele," Taratibu alisema. "Usingeweza vinginevyo. Nani alikirudisha nyuma?"

Seremala alishika usukani kwa mikono miwili. Aliyesema ni Mama Pacha, na sauti yake ilikuwa ya chini hata wakalazimika kusogea.

"Mdogo wa wale mapacha wangu," alisema. "Yule aliyetangulia kutembea. Juzi nilimwambia tunauza gari. Akaniuliza, 'Likiuzwa, baba atakuja na nini kutuangalia?' Nikamuuliza kutuangalia wapi. Akasema shuleni, nyuma ya ua. Anakaa ndani ya gari, anapunga mkono, halafu anaondoka. Akasema baba amewaambia kwa ishara wanyamaze." Aliweka kidole mdomoni kuonyesha. "Nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtoto yule. Nilimpiga kwa sababu niliogopa, kisha nikampeleka kwa daktari, na daktari akasema mtoto aliyefiwa huona mambo."

Sasa Taratibu aliona asubuhi nzima ya nyumba hiyo. Mtu mrefu anakuja kwa uchochoro wa nyuma na funguo za akiba alizopewa na kaka yake, za kufuli na za gari. Analiwasha liwe na joto, kama alivyozoea, kwa sababu mtu hufa kwa watu kabla hajafa kwa mazoea yake. Akisikia hatua za mkewe anazima, anakaa gizani ndani ya gari lililofunikwa. Mama akiondoka na watoto kwa miguu, mtu yule anazunguka kwa barabara nyingine, anafika kwenye ua wa shule, anatazama, anarudisha gari kabla mama hajarudi nyumbani. Anafuta kioo kipande kile tu anachohitaji.

Alijua pia kwamba mara nyingi mama huyu alisimama mlangoni pale akichungulia turubai, na chini ya turubai mtu alikuwa anamtazama. Wazo hilo lilimchukiza kuliko maiti yoyote aliyowahi kuonyeshwa.

"Mzee," alimwambia Seremala, "Jumamosi mngemlilia nani?"

Seremala aliweka paji la uso kwenye usukani. Alipoanza kusema alisema na usukani. Kiwanda kilimpunguza mdogo wake kazini, zamani, na mdogo wake hakuweza kuingia nyumbani kulisema. Siku moja iligeuka mwezi. Akawa anaondoka Jumatatu kama kawaida, anavuka daraja, anaingia kwake Seremala, analala chumba cha nyuma ya karakana, penye milango na vitanda ambavyo havijauzwa. Siku ya Ijumaa anavuka tena, anarudi na uchovu wa safari ambao alikuwa ameutengeneza. Mwisho uongo ukamzidi nguvu. Akaliacha gari darajani, akatembea kwenye mvua mpaka karakana, akasema, kaka, wacha waseme nimekufa, kufa kuna heshima.

"Nikamwonea huruma," alisema Seremala. "Ni damu yangu. Nilidhani ataondoka mji, hakuondoka. Kila asubuhi anakuja huku. Nikasema likiuzwa gari ataacha, na shemeji atapumzika. Sikutaka mabaya."

"Yuko kwako sasa hivi?" Mama Pacha aliuliza.

"Yuko."

"Jumapili nilikula kwako. Nililia mezani kwako. Wewe ukaniambia nijikaze."

Seremala alifumba macho. "Alikuwa nyuma ya ukuta, shemeji. Alikusikia. Naye alilia."

Mficha maradhi, kifo humfichua. Lakini maradhi ya ukoo huu yalikuwa yamekitumia kifo chenyewe kama shuka la kujifunikia, na aliyegandishwa chini yake alikuwa huyu mwanamke. Mkewe Taratibu alimkaribia, akamshika mkono. Mama Pacha hakulia. Alimgeukia Taratibu.

"Nilikuuliza swali. Mimi ni nani?"

"Wewe ni mke, mama."

"Afadhali ningekuwa mjane," alisema. "Mjane angalau huzika."

Alinyoosha mkono kwa Seremala, akakaa hivyo mpaka bwana yule akashuka na kutoa ufunguo wa akiba mfukoni. Yeye mwenyewe aliingia kwenye gari. Alitafuta kishikio chini ya kiti, akakivuta, kiti kikaserereka mbele kwa kelele, akakisogeza tena mpaka miguu yake ikafika. Alishusha kioo cha kutazamia nyuma. Kisha alitoa kitambaa, akafuta kioo cha mbele chote, upande wa dereva na wa abiria.

"Jumamosi niwaambie nini watu, shemeji?" Seremala aliuliza. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, mfupi kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Waambie waje, wote. Na marehemu aje, asikie tulivyomlilia."

Taratibu alifungua mlango mkubwa. Mwanga wa uchochoroni uliingia, na kwa mara ya kwanza banda lile likawa banda tu, lenye ndoo na ufagio. Mkewe alimnong'oneza kwamba basi gari ndiyo wamelikosa. Alimjibu kwamba lingewatesa, lina masizi mengi, linahitaji kupewa barabara ndefu kwanza.

Injini iliwaka. Mama Pacha aliliacha lingurume kidogo, kama alivyofundishwa, kisha akashusha dirisha. Taratibu alidhani anakwenda moja kwa moja ng'ambo ya mto, akamwambia kwamba ataongozana naye darajani, mambo ya namna hiyo si ya kwenda peke yako.

"Mtanikuta huko," alisema. "Kwanza napita shuleni. Kuna mtoto nilimpiga kwa kusema kweli."